Kupanga makala ya utafiti wa saikolojia: anzia dodoso, malizia ikisiri

Binti mmoja wa chuo alinijia nyumbani Ngamiani na karatasi alizotoka kuziprinti, bado zina joto la mashine. Alikuwa amefanya utafiti juu ya msongo wa mawazo na usingizi kwa wanafunzi wa kidato cha nne katika shule mbili za kutwa hapa Jiji la Tanga, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Kazi ya uwandani aliifanya kwa uaminifu. Aliwahi daladala za alfajiri, akawasubiri wakuu wa shule mpaka wamalize vikao, akakaa na watoto darasani hadi dodoso la mwisho likarudi. Hata hivyo msimamizi wake alimrudishia rasimu ikiwa na maneno matatu ya kalamu nyekundu: "Sioni ulichofanya wewe."

"Mwalimu, mbona nimeandika kila kitu?" akaniuliza, na machozi yanamlengalenga.

Kweli alikuwa ameandika kila kitu, ila kila kitu kilikuwa pahala pasipo pake. Idadi ya wanafunzi ilijificha katikati ya matokeo. Kipimo cha msongo kilitajwa kwenye utangulizi, kisha hakikusikika tena. Maoni yake kuhusu wazazi yalikuwa yamevaana na takwimu hata hujui kipi ni data na kipi ni hisia zake. Tulichukua mkasi, tukazikata zile karatasi aya kwa aya, tukazitandaza mkekani na kuzipanga upya. Kazi ile ya mkekani ndiyo ninayoieleza hapa, kwa anayesoma saikolojia, ushauri nasaha au ualimu, na ambaye chuo chake kinadai mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani.

Mtindo huu ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba tu katika jarida la kisaikolojia. Leo ni kitabu kinene, na toleo linalotumika ni la saba, lililotoka Oktoba 2019 ingawa juu yake limeandikwa 2020. Ukikuta maelekezo ya zamani kwenye mashine ya steshenari, uliza kwanza ni ya toleo gani, maana ya sita na ya saba yanapishana katika mambo ambayo wasahihishaji huyaona mara moja. Na mwongozo wa chuo chako ukisema tofauti na APA, fuata chuo. Wao ndio watakaokupa alama.

Hatua ya kwanza: tengeneza ukurasa kabla ya kuandika

Fungua faili jipya, usiazime la mwenzako. Faili la kuazima huja na mipangilio iliyojificha, nawe utapigana nayo mpaka usiku wa kukabidhi.

Karatasi iwe A4. Programu nyingi zikifunguliwa mara ya kwanza huwa zimewekwa Letter, karatasi ya Kimarekani ya inchi 8.5 kwa 11, ambayo ni fupi na pana kidogo kuliko yetu. Ukisahau, mistari itahama siku ya kuprinti. Pambizo ziwe sentimita 2.54 pande zote nne. Herufi ni Times New Roman ya 12, au Calibri au Arial ya 11. Chagua moja ukae nayo. Nafasi kati ya mistari iwe mbili kuanzia jalada hadi marejeo, wala usiongeze mstari mtupu kati ya aya na aya. Kila aya ianze kwa kuingia ndani sentimita 1.27, kwa kutumia mpangilio wa aya au kitufe cha Tab, kamwe si kwa kubonya nafasi mara tano. Upande wa kulia wa maandishi uachwe bila kunyooshwa. Wengi wetu tumezoea kuunyoosha ili ukurasa upendeze kama gazeti, lakini APA hawautaki hivyo. Namba ya ukurasa inakaa juu kulia, kuanzia jalada lenyewe.

Hatua ya pili: gawa mafungu manne

Chukua karatasi tupu uandike maswali manne. Kwa nini nilifanya utafiti huu? Niliufanyaje? Nilikuta nini? Kina maana gani? Hayo ndiyo utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, kwa mpangilio huo. Kisha pitia kila aya uliyoandika, uiulize inajibu swali lipi. Inayojibu mawili ikate mara mbili. Isiyojibu lolote iweke kando, hata kama uliipenda.

Mpangilio huu upo kwa ajili ya msomaji asiyekujua. Fikiria mtafiti aliye Mwanza, au mbali zaidi, ambaye hajawahi kukanyaga Tanga. Asome mbinu zako aweze kuurudia utafiti wako palepale alipo. Asome matokeo ayapime mwenyewe kabla hujamwambia uyaonavyo wewe. Ukichanganya mafungu, unamnyima haki ya kukupinga, na utafiti usioweza kupingwa hausaidii mtu.

Hatua ya tatu: andika mbinu kwanza

Usianze na utangulizi. Anza na ulichokifanya kwa mikono yako, kwa sababu hicho unakijua. Sehemu hii ina vijisehemu vitatu kwa kawaida: washiriki, vipimo na utaratibu.

Kwa washiriki, sema walikuwa wangapi, umri wao, wasichana wangapi na wavulana wangapi, uliwapataje, na wangapi walikataa au walirudisha dodoso nusu. Shule usizitaje majina. "Shule mbili za sekondari za kutwa katika Jiji la Tanga" inatosha. Ukitaja jina la shule na kidato, umeshawataja watoto.

Kwenye vipimo ndipo makala nyingi za kwetu zinapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Binti yule alitumia kipimo cha msongo unaohisiwa. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 1983 na Sheldon Cohen, Tom Kamarck na Robin Mermelstein kikiwa na kauli 14. Toleo fupi la kauli 10 lilikuja mwaka 1988, katika kazi ya Cohen na Williamson. Yeye alitumia la kauli 10 lakini alitaja chanzo cha 1983 peke yake. Msahihishaji akihesabu kauli zako kwenye kiambatisho na kukuta hazilingani na chanzo ulichotaja, hatakuamini kwa lingine lolote. Taja toleo ulilolishika mkononi.

Kisha eleza alama zinavyotolewa. Katika lile toleo fupi kila kauli hujibiwa kwa 0 hadi 4, na jumla ni kati ya 0 na 40. Lakini kauli nne zimeandikwa upande wa heri, mfano mtu kuona kwamba mambo yanamwendea vizuri. Hizo lazima alama zake zigeuzwe kabla ya kujumlisha: 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3, na kuendelea. Nimeona data za watu wawili tofauti zikiharibika hapohapo, na mmoja alikuwa ameshaandika mjadala mzima juu ya matokeo yaliyopinduka. Geuza, kisha andika kwamba umegeuza. Ongeza alfa ya Cronbach, namba inayoonesha kauli za kipimo zinavyoshikamana, uliyoipata kwa washiriki wako mwenyewe, si ile ya Wamarekani uliyoisoma.

Halafu kuna tafsiri. Makala za saikolojia vyuoni mwetu kwa sehemu kubwa huandikwa kwa Kiingereza, lakini mtoto wa kidato cha nne wa Tanga anaona uchungu wake kwa Kiswahili. Kauli mojawapo ya kipimo hiki huuliza ni mara ngapi mtu amejisikia ana wasiwasi na msongo. Binti yule aliitafsiri hivyohivyo, na kwenye jaribio la dodoso kijana mmoja akaandika "mara nyingi sana". Alipoulizwa ni wakati gani hasa, akajibu, "Nikitawadha. Nakuwa sina hakika kama nimeosha mkono, naanza upya." Kijana alikuwa anazungumzia wasiwasi wa madrasa, ule wa shetani kumtia mtu shaka katika ibada. Alikuwa sahihi kabisa kwa Kiswahili anachokijua. Ila hakuwa akijibu swali tulilouliza.

Basi neno likabadilishwa, ikawa "moyo kukosa utulivu". Mtu wa pili, ambaye hakuwahi kuiona nakala ya Kiingereza, akairudisha tafsiri kwenye Kiingereza. Wakailinganisha na asili, wakarekebisha mawili matatu. Hatua hizo huitwa tafsiri na tafsiri rejeshi, na mahali pake ni kwenye vipimo, kwa sentensi tatu au nne. Binti alikuwa amezifanya zote na hakuandika hata moja, akidhani ni mambo ya jikoni. Kwa maoni yangu, aya ile ndiyo iliyokuwa mchango wake mkubwa kuliko takwimu zote. Atakayetafsiri kipimo hichohicho kesho Pangani au Muheza ataanzia pale yeye alipofika.

Utaratibu ni masimulizi mafupi ya siku ya kazi: nani alitoa kibali, barua ilipita ofisi zipi, dodoso lilijazwa darasani au nyumbani, lilichukua dakika ngapi, mwalimu wa darasa alikuwepo au alitoka. Hilo la mwalimu ni zito, kwa kuwa mtoto hatakiri kukosa usingizi mbele ya anayemchapia ripoti. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwao wenyewe. Andika vyote viwili vilipatikanaje. Sehemu hii yote iwe katika wakati uliopita: "walijaza", "waliambiwa". Rasimu nyingi hubaki na "watajaza" za kwenye pendekezo la utafiti, na msomaji anabaki akijiuliza kama kazi ilifanyika.

Hatua ya nne: matokeo bila maoni

Hapa unaonesha, huelezi sababu. Anza na wastani na mkengeuko sanifu (jinsi alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani) wa kila kipimo, kisha majaribio ya nadharia tete, yaani yale uliyotabiri kuyakuta, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule uliozitaja kwenye utangulizi.

Umbo la takwimu katika APA lina adabu yake. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu ili uone umbo, uhusiano kati ya msongo na saa za kulala ungeandikwa hivi: r(118) = −.34, p < .001. Herufi r (nguvu ya uhusiano) na p (uwezekano wa kupata uhusiano mkubwa kama huo kwa bahati tu) zinalazwa, yaani huandikwa kwa italiki, na namba ya kwenye mabano ni idadi ya washiriki ukitoa wawili. Mbele ya nukta hakuna sifuri, kwa kuwa thamani hizo haziwezi kupita 1. Lakini wastani wa saa za kulala unaweza kupita 1, kwa hiyo ukiwa chini ya hapo utaandikwa na sifuri yake: 0.85. Thamani ya p iandikwe kamili, kama .023, si "chini ya .05". Ikiwa ndogo kuliko .001 ndipo utumie ile alama ya chini ya. Na kompyuta ikikuonesha p ya .000, usiinakili. Hakuna p ya sifuri, mashine imekata tarakimu tu.

Majedwali yatengeneze mwenyewe, usibandike picha ya skrini. Juu andika "Jedwali 1" kwa herufi nzito. Mstari unaofuata uwe jina la jedwali kwa herufi za mlazo. Mistari ya kusimama usiweke hata mmoja. Ya kulala mitatu yatosha: juu kabisa, chini ya vichwa vya safu, na chini kabisa. Vifupisho vyote vielezwe kwenye tanbihi iliyo chini ya jedwali. Kilichomo ndani ya jedwali usikirudie chote kwenye aya. Taja kile unachotaka msomaji akitazame.

Namba nyingine ndani ya maandishi: sifuri hadi tisa kwa maneno, 10 na kuendelea kwa tarakimu, ila umri, alama na vipimo daima ni tarakimu. Sentensi isianze na tarakimu.

Hatua ya tano: sasa rudi kwenye utangulizi

Utangulizi hauna kichwa kinachosema "Utangulizi". Wengi hawaamini mpaka waone kwa macho. Unaanza ukurasa mpya, unarudia jina la makala katikati kwa herufi nzito, unaandika.

Anza na jambo lenyewe, usianze na historia ya saikolojia tangu enzi za Wagiriki. Kisha eleza wengine wamekuta nini, ukiwapanga kwa hoja. Aya zinazoanza na jina la mtafiti mmoja, inayofuata mwingine, inayofuata mwingine, ni orodha tu ya watu. Unganisha: hawa na hawa wanakubaliana kuhusu usingizi, wale wanatofautiana nao kwa sababu walipima kwa njia nyingine. Hapo ndipo pengo linajitokeza lenyewe, na nadharia tete yako inakaa mwishoni mwa sehemu hii.

Ukitaja kazi ndani ya maandishi, jina la ukoo na mwaka vyatosha. Waandishi wawili watajwe wote kila mara. Watatu au zaidi, katika toleo la saba unaandika wa kwanza na "na wenzake" tangu mara ya kwanza kabisa: Cohen na wenzake (1983). Nukuu ya maneno 40 au zaidi inasimama peke yake, imeingia ndani sentimita 1.27, bila alama za kunukuu. Ila saikolojia si fasihi. Eleza kwa maneno yako kadiri uwezavyo.

Hatua ya sita: mjadala

Sentensi ya kwanza ijibu nadharia tete: imeungwa mkono au la. Halafu linganisha na wale uliowataja kwenye utangulizi. Mtafiti mpya asiingizwe hapa kama mgeni asiyealikwa, isipokuwa matokeo yamekulazimisha kumtafuta.

Chunga neno "husababisha". Ikiwa uliwauliza wanafunzi mara moja tu, unajua kwamba msongo na kukosa usingizi huenda pamoja. Hujui kipi kimemzaa mwenzake. Huenda kulala kidogo ndiko kunakoleta msongo, au vyote viwili vinatokana na chumba kimoja kinacholaliwa na watu sita. Kuhusu mipaka ya utafiti, taja ile halisi ya kwako. "Muda na fedha havikutosha" ni mipaka ya kila mtu. Shule mbili za mjini, wakati wa mitihani, majibu ambayo wanafunzi wamejipima wenyewe: hiyo ni yako.

Hatua ya saba: vichwa na marejeo

Vichwa vya ngazi ya kwanza, kama Mbinu na Matokeo, vinakaa katikati kwa herufi nzito. Vya pili, kama Washiriki, vinaanzia kushoto kwa herufi nzito. Vya tatu vinaanzia kushoto pia, vizito na vya mlazo. Ziko ngazi tano, lakini makala ya mwanafunzi ni nadra kuvuka ya tatu. Vichwa visipewe namba wala herufi.

Marejeo yanaanza ukurasa mpya, kwa alfabeti, mstari wa kwanza wa kila rejeo ukianzia pambizoni na inayofuata ikiingia ndani. Rejeo la jarida linakuwa hivi:

Cohen, S., Kamarck, T., & Mermelstein, R. (1983). A global measure of perceived stress. Journal of Health and Social Behavior, 24(4), 385–396. https://doi.org/10.2307/2136404

Jina la jarida na namba ya juzuu vinalazwa, namba ya toleo iliyo kwenye mabano hailazwi. Jina la makala linabaki na herufi ndogo isipokuwa mwanzo na majina maalumu. Kwa vitabu, mji wa mchapishaji hauandikwi tena.

Majina yetu yanahitaji uangalifu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, anaingia kwa R: Robert, S. Wengi huwaweka waandishi wa Kitanzania kwa jina la kwanza kwa sababu ndilo tunaloitana, kisha Wazungu kwa jina la ukoo, na orodha inakuwa na sheria mbili. Sheria ni moja.

Mwisho wa hatua hii, chukua kalamu. Kila jina lililo ndani ya makala litafute kwenye marejeo ulipigie alama, kisha fanya kinyume chake. Lisilo na mwenzake litafutiwe mwenzake au litoke.

Hatua ya nane: jalada na ikisiri

Ikisiri iandikwe wakati mengine yote yamekaa, kwa aya moja isiyozidi maneno 250, isiyoingia ndani mwanzoni, kwenye ukurasa wake baada ya jalada. Iwe na tatizo, washiriki, kipimo, matokeo makuu na maana yake. Weka matokeo yenyewe. "Matokeo yamejadiliwa" haimwambii mtu chochote. Chini yake yaje maneno muhimu. Kozi nyingine haziidai ikisiri kwa wanafunzi, uliza.

Jalada la mwanafunzi lina jina la makala kwa herufi nzito, mistari mitatu minne kutoka juu, kisha jina lako, idara na chuo, namba na jina la kozi, jina la mwalimu, na tarehe ya kukabidhi. Kile kichwa kifupi cha herufi kubwa juu ya kila ukurasa hakidaiwi tena kwa wanafunzi tangu toleo la saba. Ni kwa wanaopeleka makala jaridani.

Hatua ya tisa: kuprinti

Usipeleke steshenari faili la Word kwenye flashi. Mashine yao huenda haina herufi ulizotumia, itachagua nyingine bila kukuuliza, na jedwali lililokaa ukurasa mmoja litakatika vipande viwili. Hifadhi kama PDF ukiwa kwenye mashine yako, ifungue kwenye simu uone kila ukurasa umekaa, ndipo uende. Ukifika, mwombe kijana aprinti ukurasa mmoja kwanza, ule wenye jedwali, kwa ukubwa wa asilimia 100 bila kubananisha. Weka rula kwenye pambizo. Ikisoma sentimita mbili na nusu na ushei, mwambie aendelee na zilizobaki.